Kabati Lililofura: Sebule ya Pwani na Hesabu Zake

Kabati la televisheni la shangazi yangu lilianza kufura mwezi wa nne, masika ilipokolea. Kona moja ya chini ilitangulia, ikavimba kama mkate uliozidishiwa hamira. Baada ya wiki mbili ile karatasi ya juu iliyochorwa mistari ya mbao ikabanduka, na ndani hapakuwa na mbao. Palikuwa na unga. Halijafikisha hata mwaka na nusu. Tulilinunua Dar es Salaam kwa Sh 280,000, likasafiri hadi kijijini Saadani juu ya kirikuu, limefungwa blanketi kama mgonjwa, na nauli yake ikala Sh 70,000 nyingine.

"Mwanangu," aliniambia kwenye simu, "njoo unitazamie. Safari hii sitaki kununua mara mbili."

Kumbe shida yake haikuwa kabati tu. Alitaka sebule nzima na chumba cha wageni, na picha alikuwa nazo mbili. Ya kwanza alitumiwa na binti yake aliyeko Maskati: sofa la kijivu la umbo la L, zulia jeupe la manyoya, dari ya jipsamu yenye taa zilizofichwa. Ya pili aliipiga mwenyewe siku alipopeleka samaki kwenye hoteli moja ya ufukweni: kuta nyeupe, boriti darini, baraza ya saruji yenye mito ya kikoi, mkeka chini, kitanda cha nguzo nne na chandarua. "Hii ya kisasa," alisema, "na hii ya Wazungu."

Nilicheka, maana hiyo ya Wazungu ni nyumba ya bibi yake. Wabunifu wa hoteli za pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja, wameichukua nyumba ya Mswahili kipande kipande, wakaipamba, ikapigwa picha na kutiwa vitabuni (Javed Jafferji ana kitabu kizima cha picha kiitwacho Zanzibar Style), nasi tukaiona huko tukadhani imetoka ng'ambo. Hata hivyo sikumwambia achague ya pili hivi hivi. Baadhi ya vitu vya bibi siku hizi ni ghali kuliko vya dukani, na vingine ukivifuata vibaya utaishia polisi. Ikabidi tukae jamvini tuhesabu.

Hesabu ya Saadani si ya Dodoma. Kijiji kimezungukwa na hifadhi ya taifa, iliyotangazwa mwaka 2005, ambayo ndiyo pekee Tanzania Bara inayogusa Bahari ya Hindi, na jirani yake yako mashamba ya chumvi. Pale ambapo watu huanika maji ya bahari yakageuka chumvi, hewa nayo huingia chumbani na chumvi yake bila kubisha hodi. Chumvi huvuta unyevu. Unyevu hufurisha mbao za unga, hubandua rangi, hula misumari. Halafu kuna njia. Kila kitu kinatoka Bagamoyo au Dar, au kinazunguka Chalinze na kuingilia Mandera, na mvua ikinyesha mwenye gari ndiye anayepanga bei. Tukakubaliana kanuni: bei ya duka na nauli vijumlishwe, kisha vigawanywe kwa miaka ambayo kitu kitadumu hapa, si kule kilikotengenezwa.

Lile kabati, basi, lilitutoka Sh 350,000 kwa mwaka na nusu, yaani zaidi ya laki mbili na thelathini kwa mwaka. Seremala wa Bagamoyo alitaka Sh 550,000 kwa kabati la kimo kile kile la msaji, na nauli elfu hamsini. Likikaa miaka kumi na mitano tu, ni elfu arobaini kwa mwaka. Shangazi aliposikia aligeuka akalitazama lile la zamani kama mtu anayemtazama mdaiwa wake.

Kwenye mbao usinunue jina. Mninga ndio unaosifiwa kila mahali, na sifa zake ni za kweli, lakini bei yake imepanda hadi fundi mwenyewe anaugusa kwa adabu. Msaji unaopandwa Longuza, kule Muheza, una mafuta ndani yake yanayokataa maji na mchwa, na kwa walioko kaskazini ya mto Wami hautoki mbali. Paini ya Sao Hill ni rahisi mno; ikitiwa dawa inafaa kwenye kenchi na rafu, ila usiitegemee kwa miguu ya meza. Mnazi uliokomaa, ule uliokwisha kuzaa, hutoa mbao ngumu za nje ya shina zenye madoa mazuri, na watu wachache hukumbuka kuuliza. Chochote utakachochagua, taka risiti na uangalie kama mbao zina muhuri wa Wakala wa Huduma za Misitu. Mbao za magendo zikikamatwa njiani, hasara ni yako na dereva. Na misumari iwe ya mabati yasiyoshika kutu au skrubu za shaba. Tofauti ya bei ni elfu chache kwa kabati zima, lakini ndiyo inayoamua kama mlango utaning'inia baada ya miaka mitatu.

Tukaja kwenye viti, na hapa ndipo tulipogombana.

Sofa la umbo la L tuliulizia Keko, Dar es Salaam: Sh 1,300,000, na nauli isingepungua laki moja na nusu. Ni zuri, sikatai. Tatizo la sofa ni kwamba unanunua kitu usichokiona. Chini ya kitambaa kuna fremu, na fremu inaweza kuwa ya mninga au ya vipande vya makasha vilivyopigwa pini. Ukiagiza kwa fundi, nenda siku fremu ikiwa uchi, kabla hajaivika. La duka huwezi kulivua. Kisha kitambaa chake hakitoki kufuliwa, na masika ya pwani hukitia harufu ya kuvu ambayo udi wote wa dunia hauishindi.

Mimi nikapendekeza majilisi: magodoro ya chini pembeni mwa ukuta, kama yanavyotandikwa Unguja na huko huko Maskati aliko binti yake. Shangazi akanionyesha magoti yake. "Nikiketi chini, utaninyanyua wewe?" Hoja ikafa.

Tukaangukia kwenye baraza ya ndani, ile ya picha ya hoteli, na tukaipigia hesabu. Matofali 40 kwa Sh 1,300, ni Sh 52,000. Mifuko mitatu ya saruji, Sh 52,500. Fundi, Sh 60,000. Magodoro matatu membamba ya sponji nzito, Sh 270,000. Kitambaa, Sh 110,000, na mshono wenye zipu ili foronya zivuliwe zifuliwe, Sh 50,000. Jumla Sh 594,500, chini ya nusu ya sofa na nauli yake. Saruji haifuri, haiozi, na mchwa hana habari nayo. Baada ya miaka mitano utabadilisha sponji. Kiti chenyewe kitakuwa pale pale. Kimo kiwe kama inchi 16 kabla ya godoro, ili magoti yapate haki yao.

Kasoro yake ni kwamba haihami. Anayependa kugeuza sebule kila Idi ataichukia. Lakini fikiria siku ya msiba au shughuli. Kwenye nyumba yenye masofa, kazi ya kwanza ya vijana ni kuyatoa nje, mlango unakwaruzwa, mvua ikija yanalowa. Baraza inakumbatia ukuta, katikati panabaki peupe, mikeka inatandikwa, watu wanakaa. Sijawahi kuona mbunifu wa kwenye majarida akilitaja jambo hilo, na kwangu lina uzito kuliko rangi ya mito.

Rangi ya mito nayo ilikuwa na kesi yake. Kanga ni rahisi, doti moja hutoa mito minne, ila ni nyepesi, na jua la dirishani huifubaza upesi. Vilevile ukiikata, jina lake linakatika katikati. Shangazi alisema hataki mtu aje aketi juu ya maneno. Kitenge kinastahimili zaidi, lakini usikubali chenye nailoni kwa tamaa ya mng'aro. Kwenye joto letu kinanata mgongoni. Kikoi ndicho kilichoshinda: ni pamba nzito iliyofumwa na si ya kupigwa chapa, kwa hiyo rangi imo ndani ya uzi. Ni ghali kidogo. Tulinunua vinne, tukavitumia kwenye mito ya mbele tu, ya nyuma ikavaa marekani nyeupe. Vile vitambaa vyake vya kufuma kwa sindano, vilivyofunika makochi ya zamani, havikutupwa. Vilipata kazi juu ya meza na redio.

Sakafuni sikuwa na subira. Zulia jeupe la manyoya katika kijiji cha mchanga ni adhabu ya kujitakia. Mchanga hushuka kwenye mizizi ya manyoya na hautoki kwa ufagio. Chumvi iliyomo huvuta maji, na miezi miwili baadaye ukilinyanyua utakuta sakafu imelowa jasho. Vigae ni safi, lakini hesabu vitakavyovunjika njiani, na hesabu wazee wanaotembea kwa miguu yenye maji ya udhu. Sakafu ya saruji iliyopigwa niru vizuri, ikatiwa rangi nyekundu ya zamani au ikaachwa na kijivu chake, ndiyo hiyo hiyo inayolipiwa dola nyingi kwa usiku hotelini. Juu yake mkeka. Wa ukindu ni laini, una rangi, wa kukalia wageni na kulalia. Jamvi la miyaa ni gumu, la kazi na la uani. Mkeka mkubwa wa ukindu tulioupata kwa akina mama wa Bagamoyo ulikuwa Sh 40,000 baada ya maneno mengi, na nilijutia maneno hayo nilipoambiwa siku ambazo mtu hukaa akisuka ukili kabla hajaanza hata kuushona. Mkeka ukilowa, anika kivulini. Juani huwa mkavu kama bisi.

Dari sitaichelewesha. Jipsamu ikikutana na bati linalovuja hata tone moja hufanya duara la kahawia, kisha hushuka na taa zake. Penye umeme wa uhakika na bati jipya, sawa. Kwa Saadani, mbao nyembamba au plaiwudi iliyopakwa rangi nyeupe ina faida kuu moja: kipande kimoja kikiharibika, unabadilisha kimoja. Boriti za mikoko, zile za kwenye picha, ndizo nilizosema ukizifuata vibaya utaishia polisi. Mikoko ni misitu ya hifadhi, huvunwa kwa kibali tu, na ndani ya mipaka ya Saadani haivunwi kabisa. Anayekuletea boriti usiku kwa ngalawa anakuuzia kesi. Na makuti, ambayo zamani yalikuwa paa la asiye na uwezo, sasa ni anasa ya hoteli: huezekwa upya kila baada ya miaka michache, na moto huyapenda. Shangazi aliyataka kwenye baraza ya nje tu. Nikakubali, kivuli chake hakina mfano, bati lichemke lisichemke.

Kuta ndizo zilizonipa raha. Ukitembea mji mkongwe wa Bagamoyo utaona nyumba za mawe ya matumbawe zilizozibwa kwa saruji miaka ya karibuni, na saruji inavyomeguka kwa mabamba. Jiwe la bahari lina chumvi na linataka kupumua. Chokaa huuachia unyevu utoke, saruji inaufungia ndani hadi inasukumwa. Mwenye nyumba ya namna hiyo asinunue ndoo ya rangi hata moja kabla ya kumtafuta fundi wa chokaa. Shangazi ana nyumba ya matofali, chokaa kwake ni hiari, lakini tulipolinganisha, mifuko michache ya chokaa ilitosha vyumba viwili kwa bei isiyofika hata ndoo moja ya lita 20 ya rangi nzuri. Chokaa huacha vumbi mgongoni mwa anayeegemea, na hupakwa upya kila mwaka au miwili. Tukagawa: chokaa sehemu ya juu ya ukuta, na ukanda wa chini, pale migongo inapogusa, rangi ya mafuta ya samawati iliyokolea. Ule ukanda wa rangi mbili ambao nyumba zetu zote zilikuwa nao kabla haujaonekana wa kishamba.

Alitaka pia zidaka, vile vishubaka vya ukutani ambavyo nyumba za Lamu zimevipanga safu kwa safu kwa lipu iliyochongwa. Kwa anayejenga sasa, kidaka ni karibu bure: fundi anaacha nafasi, anaweka kibao juu, basi. Lakini sharti tofali ziwe za kulaza. Ukuta wa tofali za kusimamisha hauna unene wa kutosha, ukitoboa utasalimiana na jirani. Nyumba ya shangazi ilijengwa kwa kusimamisha. Rafu mbili za msaji uliobaki kwenye kabati jipya zikachukua kazi hiyo.

Sasa upepo. Mimi ninaishi Bagamoyo na nilishapita njia ya kiyoyozi, kwa hiyo naweza kuzungumza kwa luku yangu mwenyewe. Sh 10,000 kwa tarifu ya kawaida hunipa kama yuniti 28. Feni ya dari ya wati 70 ikizunguka kwa muda wa saa nane kila usiku hula nusu yuniti na ushei. Mwezi mzima kama yuniti 17, au Sh 6,000. Kiyoyozi kidogo, tukikikadiria kwa wastani wa wati 800 kwa saa hizo hizo nane, kinakula kama yuniti 192 kwa mwezi. Hiyo ni zaidi ya Sh 68,000, na mwenye nyumba ndogo aliyezoea ule umeme wa bei nafuu wa wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi atatolewa kundini. Na lile sanduku la nje linakaa likinyonya hewa ya chumvi mchana na usiku. Mabati yake membamba yakianza kumeguka, fundi ataanza kukuzoea.

Lakini feni haiwezi kusaidia chumba kisichopumua. Dirisha la aluminiamu la kuteleza, hata liwe zuri vipi, hufunguka nusu tu. Nusu ya pili daima iko nyuma ya mwenzake. Dirisha la mbao la mabawa mawili hufunguka lote. Kwenye chumba cha wageni tulitoboa tundu la hewa ukutani upande wa pili, juu karibu na dari, tukaliziba kwa matofali ya maua na wavu wa mbu. Fundi alichukua Sh 35,000 kwa siku moja. Katika nyumba nzima sioni fedha iliyofanya kazi zaidi ya hiyo.

Kitanda tulichagua cha nguzo nne, kwa sababu isiyo ya urembo kabisa: chandarua ya pembe nne inahitaji mahali pa kushika. Cha chuma kilikuwa nusu ya bei, lakini chuma Saadani ni chakula cha hewa.

Mlango wa kuchongwa niliukataa waziwazi. Bagamoyo bado wako wachongaji, na kazi ni kazi: maua, minyororo, mawimbi, mfaa wa katikati. Lakini mlango wa mabawa mawili wenye njumu za shaba ulitajwa kwa bei inayozidi vyote nilivyokwisha kuvitaja, vikijumlishwa. Inasimuliwa kwamba njumu hizo asili yake ni India, kwenye milango ya ngome, kumzuia tembo asiusukume kwa kichwa. Shangazi akanikatiza: Saadani tembo wapo, na mwaka huu wameshakula mihogo ya jirani yake. Kwa mara ya kwanza nilikutana na mtu mwenye haja halisi ya njumu. Hata hivyo fedha haikuwepo. Tulinunua kizingiti cha juu peke yake, kimechongwa, tukakipachika juu ya mlango wa kawaida. Kwa mbali unadanganyika.

Picha za ukutani tulitumia Sh 60,000. Zile za vioo za kutoka China, zenye maporomoko ya maji, ni rahisi, na kila nyumba inazo. Badala yake tulichukua mbili ndogo za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 alipaka rangi ya mafuta ya baiskeli juu ya vibao vya mraba, vitu alivyovimudu kwa mfuko wake, na rangi hiyo hiyo ndiyo inayofaa pwani: inafutwa kwa kitambaa chenye maji. Ukitaka kazi isiyofanana na ya mtu mwingine, pita TaSUBa, ile taasisi ya sanaa pale Bagamoyo, uone wanafunzi wa sanaa wanachotengeneza kabla hakijafika dukani.

Jumla yote, vyumba viwili, ilikaribia milioni mbili na laki mbili. Picha ya Maskati, kwa bei tulizouliza, ilikuwa inakwenda zaidi ya milioni nne kabla ya umeme wa mwezi wa kwanza. Binti alipotumiwa picha mpya alijibu kwa sauti: "Mama, umehamia hotelini?"

Kabati lililofura liliwekwa uani, chini ya mwembe, likiangalia ukuta. Mlango wake wa kushoto umetoka. Kuku wa shangazi ameingia humo, ametaga mayai tisa kwenye tundu la waya wa televisheni, na hakubali kufukuzwa.